Setilaiti kubwa, nanosetilaiti au kifaa cha kupanda kituoni: ipi inafaa kupima tabianchi?

Tangu mwisho wa miaka ya 1970, setilaiti za hali ya hewa za Marekani zimebeba kifaa cha mikrowevu kinachopima joto la hewa kutoka juu. Kwa miaka mingi mfululizo wa vipimo hivyo ulionyesha tabaka la chini la hewa likipoa kidogo, ilhali vipimajoto vya ardhini vilisema linapata joto. Mwaka 1998 sehemu ya sababu ikajulikana: setilaiti zilikuwa zikishuka polepole kwa kusuguana na hewa nyembamba ya huko juu. Kushuka huko kulibadili pembe ambayo kifaa kiliitazama dunia. Kifaa hakikuharibika. Kilichokosekana ni hesabu ya kilomita chache.

Kwa hiyo timu inayouliza "tujenge setilaiti ya aina gani?" kwa ajili ya tabianchi isianze na bei wala na kamera. Ianze na namba mbili: badiliko mnalolitafuta ni dogo kiasi gani, na chombo kinaweza kukaa muda gani bila kipimo chake kuyumba. Bahari inapanda milimita 3 hadi 4 kwa mwaka, na kipimo kinachofaa hakitakiwi kuyumba zaidi ya sehemu ya kumi ya hapo. Joto la uso wa bahari linahitaji uthabiti wa karibu nyuzi 0.1 kwa muongo mzima. Kaboni dioksidi hewani imepita sehemu 420 kwa milioni, na chombo cha kuipima kinatakiwa kuona tofauti ya sehemu 1. Picha nzuri ya mafuriko haihitaji lolote kati ya haya, na hapo ndipo timu nyingi hujichanganya: hununua chombo cha picha, kisha huandika kwenye pendekezo kwamba kitapima tabianchi.

Njia za kufikisha kipimo angani ni tatu: setilaiti kubwa, nanosetilaiti (kisanduku cha kilo chache), na kifaa kinachofungwa nje ya kituo cha anga. Ya nne hairushi kitu, nayo tutaifikia.

| | Setilaiti kubwa | Nanosetilaiti | Kifaa juu ya kituo cha anga |
|---|---|---|---|
| Mfano | Landsat 9, Biomass, EarthCARE | Taifa-1, TROPICS, PREFIRE | GEDI, ECOSTRESS, OCO-3 |
| Tangu kuchaguliwa hadi kurushwa | miaka 6 hadi 20 | miaka 1 hadi 7 | miaka 4 na zaidi |
| Gharama | mamia ya mamilioni ya dola | laki chache za dola hadi makumi ya mamilioni | makumi ya mamilioni ya dola |
| Umri wa kazi | miaka 5 hadi 20 na zaidi | mwaka 1 hadi 5 | hadi nafasi yake idaiwe |
| Kinachoangusha mradi | roketi, kuchelewa, teknolojia changa | umeme, antena, majaribio mafupi | mzingo usiochaguliwa, foleni ya nafasi |

Setilaiti kubwa: unalipia uthabiti

Landsat 9, setilaiti ya Marekani ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa tarehe 27 Septemba 2021. Ina uzito wa kilo 2,700 hivi na huruka kilomita 705 juu. Sehemu kubwa ya uzito huo si kamera. Ni fremu ya kuzuia kioo kisijipinde kwa joto, mafuta ya kuilinda isishuke, na vifaa vya kalibresheni: taa za ndani, bamba linaloakisi jua, na chombo cheusi chenye joto linalojulikana ambacho kihisi cha infraredi hukitazama kila mara ili kijisahihishe. Setilaiti yenyewe pia hugeuzwa kuutazama mwezi, kwa kuwa uso wa mwezi haubadiliki. Kabla haijachukua nafasi yake, ilipitishwa chini ya Landsat 8 mnamo Novemba 2021 ili zote mbili zione sehemu ileile kwa wakati mmoja. Bila makutano hayo huwezi kuunganisha mfululizo ulioanza na Landsat ya kwanza mwaka 1972.

Vipimo vya usawa wa bahari vinakwenda mbali zaidi. Sentinel-6 Michael Freilich iliporushwa Novemba 2020, iliwekwa nyuma ya mtangulizi wake, Jason-3, kwa tofauti ya sekunde 30 hivi, zikafuatana hivyo karibu mwaka mzima. Mwaka mzima wa kupima kitu kilekile mara mbili: mhasibu angeuita hasara, lakini ndicho kinachofanya milimita za mwaka 1993, mfululizo ulipoanza, ziweze kusomwa pamoja na za leo.

Ubaya wa njia hii ni muda. EarthCARE, ya kupima mawingu, ilichaguliwa na shirika la anga la Ulaya mwaka 2004, ikaruka tarehe 28 Mei 2024. Aeolus, ya kupima upepo kwa leza, ilichaguliwa 1999 na kuruka Agosti 2018. Kilichoichelewesha Aeolus ni somo kwa yeyote anayejenga kifaa cha leza. Leza yake ya urujuanimno ilifanya kazi vizuri kwenye hewa ya kawaida, lakini ndani ya ombwe mvuke wa gundi na plastiki ulitua juu ya vioo na kuungua pale leza ilipopita, hadi vioo vikaharibika. Dawa ilikuwa kupitisha oksijeni kidogo, kwa mgandamizo mdogo sana, ili uchafu uungue na kuondoka kabla haujajenga tabaka. Miaka ilikwenda kwa sababu fizikia hiyo haikujaribiwa mapema katika ombwe. Mapitio ya usanifu wa awali yasipitishwe kabla kiini cha kifaa, yaani leza, kihisi au chujio, hakijafanya kazi kwa wiki kadhaa mfululizo ndani ya chumba cha ombwe.

Landsat 8 ina funzo la aina nyingine. Kifaa chake cha infraredi ya joto kiliongezwa mradi ukiwa umeshaendelea, kwa hiyo kikasanifiwa kwa umri wa miaka 3 tu na kwa haraka. Kilipofika angani kikaonekana kuingiza mwanga kutoka nje ya eneo kinalolitazama, na joto likasomeka visivyo. Wataalamu waliandika programu ya kusahihisha, lakini tiba halisi ilikuja na Landsat 9: vikingamwanga ndani ya lenzi na umri wa kisanifu wa miaka 5. Hata hivyo, kunakili muundo uliokwisha kuruka kulisaidia sana kwa ratiba. Landsat 9 ilianza rasmi 2015 na miaka 6 baadaye ilikuwa juu.

Kisha kuna roketi. Tarehe 24 Februari 2009 setilaiti ya kaboni ya Marekani, OCO, ilianguka baharini karibu na Antaktika kwa sababu kifuniko cha pua ya roketi hakikuachia. Tarehe 4 Machi 2011 setilaiti ya Glory ikapotea kwenye roketi ya aina ileile, kwa hitilafu ileile. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kwamba vipande vya alumini vya kifuniko vilikuja na vyeti vya majaribio vilivyoghushiwa. CryoSat ya Ulaya, ya kupima unene wa barafu, ilipotea Oktoba 2005 na nakala yake ikaruka Aprili 2010. Ukipoteza setilaiti moja kubwa, umepoteza miaka mitano. Hata ukifika salama, kifaa kimoja kinaweza kukuangusha: Sentinel-1B, setilaiti ya rada ya Ulaya, ilizimika Desemba 2021 kwa hitilafu ya mfumo wa umeme, roketi ya mbadala wake ikawa nayo imesimamishwa baada ya ajali ya Desemba 2022, na Sentinel-1C haikuruka hadi Desemba 2024.

Nanosetilaiti: tofautisha bei na thamani

Huku ndiko kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018. Rwanda ikafuata na RwaSat-1 mwaka 2019, Uganda na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na Kenya tena na Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kwa takriban shilingi milioni 50 za Kenya. Kama lengo ni kufundisha wahandisi na kujifunza kuendesha chombo angani, hakuna njia bora kuliko hii. Kama lengo ni tabianchi, hesabu ni kali zaidi.

Kipimo cha msingi ni mchemraba wa sentimita 10. Hata ukiunganisha mitatu, lenzi haiwezi kuzidi kipenyo cha sentimita 9 hivi. Kutoka kilomita 500, kwa mwanga wa kawaida, lenzi hiyo haitatenganisha vitu vilivyo karibu kuliko mita 3.7, na hilo halina tatizo. Ila ukitaka infraredi ya joto, ambayo wimbi lake ni refu mara 20, lenzi ileile inakupa mita 74 hivi. Huwezi kuibishia fizikia kwa kununua kihisi cha bei kubwa. Timu zinazotaka kupima joto la mitaa ya Dar es Salaam kwa kisanduku cha michemraba mitatu zifanye hesabu hii kabla ya kuandika pendekezo: kipenyo cha mita 0.09, urefu wa wimbi, kimo cha mzingo. Inachukua dakika tano.

Kikwazo cha pili ni kushusha data. Redio ya UHF ya kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, katika pito la dakika 8, hushusha megabaiti 0.6 pungufu kidogo. Picha moja ya megapikseli 12 isiyobanwa ni megabaiti 18, yaani mapito zaidi ya 30. Na kwenye ikweta, mzingo unaopita ncha za dunia unaipita antena yako mara 2 hadi 4 tu kwa siku, wakati antena ya Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, huuona karibu kila mzunguko. Picha moja itakula siku kumi. Ukipanda hadi redio ya bendi ya S ya megabiti 1 kwa sekunde, pito moja linashusha picha tatu. Kwa hiyo redio na kituo cha ardhini vipangiwe bajeti pamoja na kamera tangu siku ya kwanza, na kama uko ikweta, kodi muda wa antena ya kaskazini. Kuna jambo moja ambalo Pwani ya Kenya inalo kuliko Ulaya: mzingo wa ikweta. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita karibu na Malindi kila mzunguko, na ndiyo sababu Waitalia walijenga jukwaa la San Marco pale, ambako Uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Mzingo huo hauoni ncha za dunia, lakini kwa mvua, mawimbi ya joto na misitu ya tropiki unatosha.

Kikwazo cha tatu ndicho kinachoua kazi ya tabianchi kimyakimya: kuyumba. Kisanduku kisicho na mafuta hushuka, na saa yake ya kupita juu ya mahali huteleza. Ukipita saa nne asubuhi mwaka huu na saa tano mwaka ujao, vivuli na joto vimebadilika, na mimea itaonekana kunyauka hata kama haijanyauka. Hakuna nafasi ya taa za kalibresheni wala bamba la jua. Hili lina mbadala: kupita mara kwa mara juu ya jangwa la Libya, au eneo la Gobabeb nchini Namibia lenye vipimo vya ardhini vya kudumu, na kujilinganisha na Sentinel-2, setilaiti za picha za Ulaya, siku hiyohiyo. Bila ratiba ya namna hiyo, hiyo ni kamera tu.

Nanosetilaiti zinang'aa pale ambapo swali linahitaji vyombo vingi, au kipimo ambacho hakijawahi kufanywa. PREFIRE ni mbili za michemraba 6, zilizorushwa Mei na Juni 2024 kutoka Mahia, New Zealand. Zinapima infraredi ya mbali inayotoka kwenye ncha za dunia, sehemu ya bajeti ya joto ambayo ilikuwa haijapimwa hivyo. TROPICS ilikusudiwa kupima joto na unyevu ndani ya dhoruba kwa mikrowevu: mbili za kwanza zilipotea na roketi Juni 2022, mradi haukufa, nne zikaruka Mei 2023. Linganisha na miaka mitano iliyopita kabla mbadala wa OCO haujaruka.

Zinazokufa hufa kwa mambo yaleyale. Antena iliyofungwa kwa uzi haifunguki kwa sababu waya wa kuchoma uzi ulijaribiwa katika joto la maabara, si baridi ya ombwe. Betri haichaji kwa sababu hesabu ya umeme ilisahau kwamba kwenye kila mzunguko wa dakika 95 setilaiti hukaa gizani dakika 35 hivi. Kompyuta inaganda baada ya chembe ya mionzi kugeuza biti moja, na hakuna saa ya kuiwasha upya. Theluthi nzima ya ratiba iwe ya majaribio: mtikisiko wa nasibu wa g 14.1 kwa kifaa cha mfano, mizunguko kadhaa ya joto na baridi ndani ya ombwe, na jaribio moja ambalo timu nyingi huliruka, yaani siku nzima ya kazi ya kawaida kwa betri tu, waya zote zimechomolewa, amri zikipita hewani. Hitilafu nyingi za kuua huonekana siku hiyo. Maombi ya masafa ya redio yapelekwe kwa mdhibiti wa nchi, CA ya Kenya au TCRA ya Tanzania, miaka miwili kabla. Chombo kinaweza kuwa tayari na kikanyimwa nafasi kwenye roketi kwa kukosa barua hiyo.

Kifaa juu ya kituo cha anga

Hapa hujengi setilaiti. Unajenga kifaa tu. Umeme, data na kupoza vinatoka kwenye kituo. GEDI, leza ya kupima urefu wa misitu, na ECOSTRESS, kamera ya joto yenye pikseli ya mita 70, zilichaguliwa Julai 2014 na zote zikaruka mwaka 2018. Kikomo cha gharama kilikuwa dola milioni 94 kwa ya kwanza na milioni 30 kwa ya pili. Kwa pesa hizo usingejenga setilaiti kubwa.

Mzingo huuchagui. Kituo huruka kilomita 400 hivi juu na hakivuki nyuzi 51.6 kaskazini wala kusini. Kwa Afrika Mashariki hilo si tatizo. Kinachobadilika ni saa: leo kinapita asubuhi, wiki zijazo usiku. Kwa mwelekeo wa miaka mingi ni usumbufu, lakini kwa mtu anayechunguza jinsi mmea unavyohimili joto la saa nane mchana au mji unavyopoa usiku, hii ni bahati ambayo Landsat haina, kwa sababu yenyewe hupita saa ileile kila mara. Paneli za sola za kituo huziba mwonekano, moshi wa vyombo vinavyotia nanga huchafua vioo, kwa hiyo kifaa kinahitaji kifuniko kinachofungwa. Na nafasi ina foleni: GEDI iliondolewa Machi 2023 kumpisha kifaa kingine, ikalala ghalani hadi Aprili 2024. Mfululizo wa misitu una pengo la mwaka mmoja kwa sababu hiyo. Kuna pia mapitio ya usalama wa wanaanga, ambayo huhesabu betri, leza na kona kali. Wahandisi wa setilaiti hawayazoei, wayape miezi ya ziada.

Kenya, Uganda na Misri wamechagua njia hii kwa ClimCam, kamera ya tabianchi iliyokusudiwa jukwaa la Bartolomeo lililo nje ya moduli ya Ulaya. Kwa nchi zinazogawana gharama, ni chaguo la busara kuliko visanduku vitatu vya kila mmoja peke yake.

Njia isiyorusha

Data za Landsat na Sentinel ni bure. Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, altimita (vipima kimo cha maji) za setilaiti za wengine zilikuwa zikilifuatilia tayari. Barafu ya Kilimanjaro ina kumbukumbu ya Landsat ya nusu karne. Kinachopungua eneo hili ni vipimo vya ardhini vya kuthibitisha: maboya ya joto la bahari, viwanja vya miti vilivyopimwa shina kwa shina, minara ya kupima gesi. Biomass, iliyorushwa 29 Aprili 2025 na rada ya wimbi la sentimita 70 inayopenya majani, ilitegemea kampeni za ndege na viwanja vya msitu huko Gabon mwaka 2015 na 2016 kabla haijajengwa kikamilifu. Taasisi yenye viwanja vya uhakika katika misitu ya Kongo au mikoko ya Rufiji inaingia kwenye timu ya sayansi ya mradi wa mabilioni ya shilingi bila kununua boliti moja.

Basi chagua hivi

Swali la miongo, kama usawa wa bahari, kaboni au joto la bahari: tumia setilaiti kubwa za wengine na wekeza kwenye uthibitisho wa ardhini. Swali la saa za mchana na usiku ndani ya tropiki: kifaa kituoni, kwa ubia. Swali jipya kabisa, au dhoruba inayobadilika kila saa: kundi la nanosetilaiti, zisizopungua mbili, kwenye roketi tofauti. Kufundisha watu: nanosetilaiti moja, na msiiite ya tabianchi. Mradi wa setilaiti moja pekee ya ukubwa wa kati tunauona kuwa mgumu zaidi kuutetea: MethaneSAT, ya kupima gesi ya methani, ya dola milioni 88, iliruka Machi 2024 na mawasiliano yakakatika Juni 2025, bila pacha wa kuichukulia nafasi.

Njia yoyote mtakayoshika, agizeni kihisi na chujio kwa jozi, kutoka toleo moja la kiwandani. Kimoja kiruke, kingine kibaki ardhini kwenye kabati kavu, kipimwe kila mwaka. Cha angani kikianza kusoma vingine, mtajua kama kimechakaa au dunia ndiyo iliyobadilika. Na cha akiba huweza hata kuruka baadaye: OCO-3, iliyopelekwa kituo cha anga mwaka 2019 kupima kaboni, ilijengwa kwa kifaa cha akiba cha OCO-2.